Kompyuta za shule za serikali: kwa nini zinaenda kule kule ambako zipo tayari?

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, leo naleta uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, mnivumilie. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya kata, Kanda ya Kati ya Tanzania. Tangu 2021 nimekabidhiwa pia somo la kompyuta kwa sababu moja tu: ndimi mwalimu pekee pale shuleni niliyekuwa na kompyuta mpakato yangu mwenyewe.

Naanza na siku moja ya mwaka 2022. Saa nne asubuhi, mapumziko, wanafunzi wako nje. Gari likapita barabarani mbele ya shule yetu, nyuma limefunikwa turubai, na turubai lenyewe halikutosha, maboksi yanaonekana. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akasoma maandishi ya kwenye boksi kwa sauti: "Kompyuta!" Wenzake wote wakakimbilia kwenye uzio wa minyaa. Walidhani gari linakata kona kuja kwetu. Halikukata. Lilinyoosha hadi mjini, kilomita 31, kwenye shule ambayo wakati huo tayari ilikuwa na maabara ya kompyuta zaidi ya ishirini, feni za dari na mwalimu mwenye shahada ya somo hilo.

Sina kinyongo na shule ile, watoto wa pale nao ni wetu. Nilichotaka kujua ni namna mgao ulivyopigwa. Nikafuatilia kwa adabu, mtu mmoja muungwana akanionyesha kilichotumika. Fomu ya ukurasa mmoja, maswali manne. Shule ina umeme? Ina chumba chenye nondo madirishani na mlango wa chuma? Ina mwalimu aliyesomea TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano)? Ina mlinzi wa usiku? Sisi umeme tulikuwa nao, mlinzi tulikuwa naye. Chumba hapana, mwalimu hapana. Tukakatwa.

Ukilitazama kila swali peke yake utaliona lina busara. Nani apeleke kompyuta pasipo umeme? Nani azilaze kwenye chumba ambacho dirisha lake ni gunia? Lakini yasome yote manne kwa pamoja, utaona yanauliza kitu kimoja: je, mmeshawahi kupewa? Mwalimu wa TEHAMA hapangiwi shule isiyo na kompyuta, na kompyuta haipelekwi shule isiyo na mwalimu wa TEHAMA. Chumba chenye nondo hakijengwi kabla ya kuwa na cha kulinda. Kwa hiyo shule iliyopata mara ya kwanza ndiyo yenye sifa mara ya pili, na mara ya pili ikipata inakuwa na sifa zaidi mara ya tatu. Hakuna aliyekaa chini kupanga kutunyima. Fomu yenyewe ndiyo inayotunyima, kila mwaka, bila mtu kuikasirikia.

Sisi tulitoka vipi hapo? Wazazi. Kikao cha wazazi kilikaa chini ya mwembe, wakakubaliana wenyewe kuchangia, wengine fedha, wengine mchanga na maji, mmoja mwenye karakana ya kuchomelea akatoa kazi ya mikono yake. Stoo ya majembe ikageuzwa chumba cha kompyuta. Nondo zikawekwa, mlango wa chuma ukafungwa, tukajaza tena fomu. Mwaka 2023 zikaja kompyuta tano za mezani na printa moja. Siku zinashushwa wazee wawili wa kijiji walisimama pale mlangoni mpaka boksi la mwisho likaingia ndani.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kidato cha kwanza kilikuwa na wanafunzi 148, mikondo miwili, yaani 74 kwa mkondo. Kompyuta tano. Ni wanafunzi 15 kwa mashine moja. Kipindi pacha ni dakika 80. Gawanya: dakika tano na sekunde ishirini kwa mtoto, kwa wiki, ikiwa umeme haujakatika, ikiwa zote tano zimewaka, ikiwa hakuna anayepoteza muda kuinuka na kukaa. Nimesimama pale na saa ya ukutani. Mtoto anakaa, anatafuta herufi ya kwanza ya jina lake kwenye kibodi, haioni, anaiona, anabonyeza, anatafuta ya pili. Akimaliza jina la kwanza zamu imekwisha. Na nisiseme uongo, mwanzoni wavulana walikuwa wanashika kipanya na wasichana wanabaki nyuma wanatazama begani. Ilinibidi niandike orodha ya zamu kwa majina na kuibandika ukutani.

Kitaifa vifaa hivi vinatoka vyanzo vingi. Kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioundwa kwa sheria ya 2006, ambao umepeleka vifaa vya TEHAMA kwenye shule nyingi za serikali na kugharamia mafunzo ya walimu. Kuna Wizara ya Elimu. Kuna TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ndiyo yenye shule zenyewe. Kuna benki, kampuni, mashirika, wabunge, na wahitimu wanaokumbuka shule waliyosoma. Kila mmoja ana orodha yake. Wahitimu wanakumbuka shule kongwe, ni haki yao. Mfadhili anapenda shule iliyo kando ya lami ili mgeni rasmi afike na kurudi siku hiyo hiyo. Shule yangu ina miaka chini ya ishirini, wahitimu wetu wakubwa bado wanatafuta ajira. Hakuna sehemu hata moja ambapo orodha hizi zote zinakaa pamoja mtu akaona kwamba shule fulani imetajwa mara nne na nyingine haijatajwa kabisa.

Nataka pia niwape mfano wa mgao uliofika. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika na makarani vilielekezwa kwa walimu. Karibu laki tatu. Changu nilisaini nikakabidhiwa. Hakuna aliyeniuliza kama nyumba yangu ina nondo. Kilichohesabiwa ni mwalimu, si jengo analofundishia, na ndiyo maana vikafika hadi kwenye shule ambazo hata gari la maboksi halijui njia yake. Bando la intaneti tunajinunulia, hilo ni kweli na linauma, lakini kwenye kufika, vilifika.

Hoja yangu ni hii. Mgao uanze na idadi ya wanafunzi kwa kompyuta moja inayowaka. Shule yenye uwiano mbaya zaidi iwe juu ya orodha. Umeme, chumba na mwalimu visiwe mtihani wa kuichuja shule, viwe sehemu ya mzigo wa anayegawa: boksi linapokwenda, liende na fundi wa nyaya, fedha ya nondo na barua ya mwalimu kuhamishiwa pale. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024 na unazungumza na mtoto wa kitongojini kama unavyozungumza na wa mjini. Na orodha ya mgao ibandikwe: kwenye halmashauri, kwenye kata, kwenye ubao wa shule yenyewe.

Naomba kuwasilisha.

---

Chaki na Kibodi

Mwalimu, nimekuelewa na nakuheshimu, ila niruhusu nitetee upande wa pili kwa sababu mimi nafundisha kwenye shule ya mjini ya namna hiyo hiyo unayoisema.

Kwanza, mjini si pepo. Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya elfu moja na mia nne. Hizo kompyuta ishirini ukizigawa kwa idadi yetu, uwiano wetu haupishani sana na wako. Pili, nimeona kwa macho yangu kompyuta zilizopelekwa mahali pasipo maandalizi. Nilikwenda kusimamia mtihani shule moja ya pembezoni, nikalala nyumba ya mwalimu. Ofisini kwa mkuu wa shule palikuwa na kompyuta tatu bado zina nailoni yake ya kiwandani, juu yake yamewekwa madaftari ya mahudhurio. Zilikuwa na miaka miwili pale. Umeme ulikuwa "unakuja". Kompyuta haikai kama meza, wakuu. Inazeeka hata usipoiwasha.

Kwa hiyo mgawaji anapouliza umeme, anaogopa hilo. Usimlaumu sana.

---

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Ndugu yangu, hesabu yako ya kwanza nimeipokea na inanisahihisha. Ndiyo maana nikasema tuhesabu wanafunzi, si shule. Shule yenu ya 1,400 ikiwa na uwiano mbaya kuliko yetu, iwe mbele yetu na mimi nitasaini hiyo karatasi. Kosa langu ni kutaja mashine ishirini bila kutaja watoto wanaozisubiri.

Kwenye la pili, hizo tatu zenye nailoni zinanihuzunisha kama zinavyokuhuzunisha wewe. Ila tazama nani alikosea. Mtu alipeleka boksi akasaini hati ya makabidhiano akaondoka, kwake kazi imekwisha. Kama angekuwa na wajibu wa kurudi baada ya miezi sita kuhesabu zinazowaka, asingeziacha bila waya. Kuizuia shule isipewe mpaka ijiandae yenyewe kunamwadhibu mwanafunzi kwa kazi ambayo si yake.

---

Fundi Waya

Mimi ni fundi wa kompyuta, nimefungua na kufunga za shule nyingi, za serikali na za binafsi. Niongeze mambo ya mikono.

Hili la "hakuna umeme basi hakuna kompyuta" lina jibu ikiwa anayenunua anajua anachonunua. Kompyuta ya mezani na skrini yake inakula kati ya wati 80 na 150. Mpakato inakula wati 30 hadi 60, na ina betri yake ndani. Tano za mezani zinataka mfumo wa sola ambao bei yake inaweza kuipita bei ya kompyuta zenyewe. Tano za mpakato, sola ya kawaida ya zahanati inaziendesha. Lakini ukienda kwenye manunuzi, shule zote zinapelekewa aina moja, yenye gridi na isiyo na gridi, kwa kuwa zabuni ni moja. Hapo ndipo mgao unapoharibika kabla hata gari halijawashwa.

La pili ni vumbi. Kanda ya Kati hiyo mnayoisema, nafungua kasha la kompyuta ya miaka miwili, feni imevaa koti la vumbi jekundu, haizunguki. Mashine inapata moto, inajizima, mwalimu anaandika "mbovu". Sio mbovu. Brashi ya kupakia rangi na dakika kumi inarudi kazini. Ya tatu ni umeme unaopanda na kushuka. Shule inaletewa kompyuta tano na soketi moja. Wananunua ekstensheni ya bei rahisi sokoni, wanachomeka tano na printa. Siku umeme unarudi kwa kishindo, vinaungua vikasha vya umeme viwili au vitatu, yaani kile kisanduku cha ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani. Kikasha cha umeme ni kitu cha kubadilisha kwa bei ndogo tu, ila shule haina fungu la kukinunua wala mtu wa kujua kuwa ndicho kilichokufa.

Kwa hiyo mimi ningeongeza kwenye uzi huu: kwa kila kompyuta inayogawiwa, iwepo fedha ya kuihudumia miaka mitatu, na iandikwe kwenye mgao wenyewe. Bila hiyo tunahesabu maboksi.

Na kwa wasio na intaneti: tafuteni Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja ukiwa mjini, ikiwemo ya Kiswahili, unaibeba kwenye flashi au diski, watoto wanaisoma shuleni bila bando hata senti.

---

Leja ya Zamani

Nimestaafu. Nilikuwa mtunza stoo kwenye halmashauri kwa miaka mingi, sitasema ipi. Nimesoma uzi wote na kuna kitu hamjakigusa, nacho ndicho kinachoamua zaidi ya fomu ya maswali manne.

Shule hujaza takwimu zake kila mwaka. Kuna mahali pa kuandika idadi ya kompyuta. Mwalimu anayejaza anaangalia leja ya mali, leja inasema kumi na mbili, anaandika kumi na mbili. Kumbe kumi zimekufa tangu zamani, ni zile za msaada zilizokuja na skrini za mgongo mrefu. Kwa nini bado zimo kwenye leja? Kwa sababu mali ya umma haifutwi kwa kuitupa. Inabidi ikaguliwe, iundiwe kamati, iombewe kibali ngazi ya juu, ndipo iuzwe au iteketezwe. Mkuu wa shule anayeogopa hoja ya ukaguzi anaona heri ziendelee kukaa stoo zikiwa "zipo". Naye simlaumu, nimeona watu wakitakiwa kulipa kitu kilichooza.

Matokeo yake: afisa akipanga orodha kutoka mezani anaona shule hiyo ina kompyuta kumi na mbili, anaivuka. Jirani yake yenye sifuri inapata, au mara nyingine yenye ishirini inapata kwa kuwa ina chumba. Ile yenye maiti kumi haionekani popote. Nimezishuhudia shule za namna hiyo si moja wala mbili. Mwanangu mwalimu, ulivyosema "inayowaka" umesema neno kubwa kuliko unavyodhani. Fomu iwe na safu mbili: zilizopo, na zinazowaka.

---

Mwalimu wa Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Sisi tuliyapitia haya kwa ukubwa wake, niwasimulie.

Ahadi ya kampeni za 2013 ilikuwa kipakatalishi, yaani mpakato kwenu, kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikagombaniwa na kufutwa. Mwaka 2016 mradi ukaanza upya, majaribio kwa shule 150, na badala ya vipakatalishi watoto wakapewa tableti, walimu wakapewa vipakatalishi, na kila shule projekta. Kazi walipewa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP SA Couto, na chuo kikuu cha JKUAT pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Vifaa zaidi ya milioni moja na laki moja vikafika kwenye shule za msingi za umma zaidi ya elfu ishirini na moja.

Ndugu zangu, kigezo kilikuwa idadi ya watoto wa darasa la kwanza. Shule ya Nairobi na shule ya ndani kabisa kwetu huku zilihesabiwa kwa kipimo kimoja. Na umeme serikali iliufanya kuwa kazi yake: shule zikaunganishwa kwanza, zilizo mbali na nguzo zikafungiwa sola. Kwa hivyo anayesema haiwezekani kuzifikia shule zote, mwambieni imewezekana hapa jirani.

Sasa niwaambie palipovunjika. Mgao ulikuwa wa mara moja, lakini watoto huja kila Januari. Waliohesabiwa walipanda darasa, wakaja wengine, tableti ni zile zile zinazidi kufa betri. Tena mwalimu mkuu alitakiwa awe na chumba chenye vyuma madirishani na yeye ndiye atakayejibu zikiibwa. Basi alifanyaje? Alizifungia. Shule niliyokuwa nikifundisha, ufunguo ulikuwa mmoja na uko mfukoni mwa mtu mmoja. Ukitaka tableti za somo uandike, utie sahihi, uhesabu ukichukua, uhesabu ukirudisha, na kipindi ni nusu saa. Walimu wakachoka, wakarudi kwenye ubao. Mwalimu mkuu yule hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa na hofu ya mshahara wake.

Kwa hivyo mkipanga kwenu, ondoeni hofu hiyo. Kifaa kikiibwa na mlinzi alikuwepo na mlango ulivunjwa, mwalimu asilipe. Vinginevyo mnagawa vya kufungiwa.

---

Mama Watatu

Mimi si mwalimu, ni mzazi, nauza mboga. Naomba niseme kwa nini jambo hili linanigusa.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne. Kubadilisha tahasusi, yaani masomo ya kidato cha tano, ni mtandaoni. Baadaye alipofika chuo, kuomba mkopo ni mtandaoni. Kuomba kazi serikalini, mtandaoni. Mtoto hajawahi kushika kompyuta maisha yake yote. Tulikwenda stesheneri ya mjini, foleni ya watoto kama yeye mpaka barabarani. Kijana wa pale anawajazia kila mmoja kwa dakika chache na kulipwa, neno la siri analitunga yeye, anaandika kwenye kikaratasi. Wangu alikosewa herufi moja ya jina. Kuirekebisha ile herufi tulipanda basi mara tatu. Nauli ile ilikuwa mtaji wangu wa wiki mbili.

Serikali imeshahamia kwenye kompyuta. Basi watoto nao wapewe nafasi ya kuhamia. Hata dakika tano za mwalimu huyu, mwanangu hakuzipata.

---

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Mama, shikamoo, na pole sana. Hilo la herufi moja nimelisoma mara mbili. Kuanzia muhula huu nitabadilisha ninachofundisha kwanza. Nilikuwa naanza na historia ya kompyuta na sehemu zake, kama kitabu kinavyotaka, zamu za vitendo zinabaki za kuandika jina. Sasa kidato cha nne wataanza na kujaza fomu: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, namba ya mtihani, kutunga neno la siri na kulikumbuka. Nitawatengenezea fomu ya mazoezi isiyohitaji intaneti.

---

Msoma Ripoti

Nitie neno moja ambalo huenda lisipendeze. Peru waliwahi kugawa kompyuta mpakato kwa watoto wa shule za msingi za vijijini, kwa wingi sana. Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB) ikafanya utafiti katika shule 319, matokeo yakatoka 2012. Kompyuta kwa mwanafunzi zilipanda kutoka 0.12 hadi 1.18, yaani kila mtoto na yake na kuzidi. Alama za hisabati na lugha hazikusogea. Watoto walijua kutumia kompyuta, hilo ndiyo, lakini masomo yalibaki palepale.

Kwa hiyo tukiomba mgao wa haki tuseme wazi tunauombea nini. Kompyuta haitaziba pengo la mwalimu wa hisabati.

---

Chaki na Kibodi

Hapo nakubaliana na Msoma Ripoti, na nadhani Mama Watatu ameshamjibu. Yeye hakuomba binti apate A ya hisabati. Aliomba ajue kujaza jina lake bila kumlipa mtu. Kwa hilo, Peru ilifaulu.

---

Fundi Waya

Mleta uzi, una kompyuta tano. Ngapi zinawaka leo? Jibu kwa ukweli.

---

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Tatu. Ya nne inajizima baada ya robo saa. Ya tano haitoi hata mlio tangu mvua za masika. Kwenye leja ni tano.

---

Fundi Waya

Ya nne ni vumbi, nakuhakikishia asilimia tisini. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kushoto, brashi kavu, zuia feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha. Ya tano, toa kikasha cha umeme cha ile inayowaka, kiweke kwenye iliyokufa. Ikiwaka, umeshajua ugonjwa. Ukikwama niandikie ujumbe, niko safarini kuelekea Dodoma wiki ijayo.

---

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

MREJESHO, baada ya wiki tatu.

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu ya mitihani. Ya nne ilikuwa vumbi kama alivyosema Fundi. Niliifungua mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, nikawaachia wao brashi. Vumbi lililotoka lilijaza kiganja. Sasa inakaa kipindi kizima. Ya tano ilikuwa kikasha cha umeme. Mkuu wa shule alikubali kununua kingine kutoka kwenye fungu la ukarabati, ila alikuwa sahihi kunionya kuwa fungu lenyewe ni dogo: ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo mna vitabu, chaki, mitihani na vitasa vya milango. Kompyuta tano zinawaka leo.

Nimeongea pia na walimu wenzangu wa shule tatu za jirani kwenye kikao cha kata. Tumekubaliana kila shule ihesabu upya kwa macho, bila kufungua leja, kisha tupeleke karatasi moja ya pamoja kwa afisa elimu kata. Karatasi tumeichora hivi: jina la shule, idadi ya wanafunzi, kompyuta zilizopo kwenye leja, zinazowaka, soketi zilizo chumbani, aina ya umeme, mwalimu anayefundisha. Leja ya Zamani, safu mbili zako zimo. Shule moja kati ya hizo tatu ina kompyuta tisa kwenye leja na inayowaka ni moja, iko mezani kwa mhasibu. Kwa miaka minne haijapewa kitu.

Mwalimu wa Kilifi, tumeongeza chini mstari wa mtu anayeshika ufunguo, na tumekubaliana wawe wawili.

Nimeacha safu moja ya mwisho wazi: idadi ya wanafunzi walioigusa kompyuta wiki hii. Ya kwangu naijaza Ijumaa, mkondo wa pili wakimaliza zamu.